Mabati Mawili ya Upande wa Mto

Lodwar, 8 Februari 1981

Mke wangu Lydiah,

Leo kipimajoto kimefika thelathini na nane kabla ya saa sita, na kopo la kupimia mvua lina mchanga na mende mmoja. Nimeandika sifuri daftarini kama jana na juzi. Hapa jioni tunakaa mimi na mwenzangu Abdinoor mbele ya kituo cha hali ya hewa, tukitazama barabara isiyo na gari. Yeye huongea na mbuzi wake. Mimi sina mbuzi.

Lakini huko kwetu Dandora mwaka huu si sifuri. Kila asubuhi redio ya kituo hutuletea vipimo vya wenzetu, na unyevu wa kutoka baharini unapanda mapema kuliko kawaida. Mimi naona masika haya yatakuja na upepo. Kwa hivyo nisikilize vizuri, na haya yote uyafanye kabla Machi haijaisha.

Mtaro wa mbele umejaa takataka. Uchimbwe upya, na maji uyatoe kuelekea njiani, si kuelekea kwa Mama Jawahir, tusije tukagombana na jirani mwema. Gunia la mahindi na la maharagwe yainuliwe juu ya matofali. Cheti cha ploti, cheti cha ndoa na kitambulisho chako vitie kwenye kopo la biskuti, kifuniko ukizibe kwa nta ya mshumaa. Weka maji safi kwenye debe lenye kifuniko, maana mto ukifurika maji ya mfereji hukutana na ya choo, na watu huuawa na kuhara zaidi kuliko kuzama. Mkaa uweke ndani usilowe, ila jiko lisiwake ndani wakati umefunga kila kitu. Makaa huua mtu amelala bila hata kikohozi.

Na ujue kwamba paa halichukuliwi na mvua. Paa huchukuliwa na upepo ulioingia ndani ukakosa pa kutokea. Ukiona wingu jeusi upande wa Ruai, funga mlango na madirisha yote. Upepo ukikukuta ndani usikimbie nje, kwa sababu mabati yanayoruka hukata kama panga. Ingia chini ya meza, ujikunje, ungoje.

La mwisho ni yale mabati mawili juu ya chumba cha kulala, upande wa mto. Panda uyaongezee misumari. Sita tu, ya mabati, yenye kofia pana. Mzee Mbuthia ana ngazi. Ni kazi ya nusu saa.

Wako,
Matheka


Dandora, 22 Februari 1981

Matheka wangu,

Barua yako imekuja kwa siku kumi na moja. Nimeisoma mara ya kwanza nikitafuta mahali uliponiuliza habari yangu, nikapata mtaro. Nimeisoma mara ya pili nikacheka. Mara ya tatu sikucheka.

Haya, nikupe ripoti kama unavyopenda. Mtaro umechimbwa. Mzee Mbuthia ndiye aliyeshika jembe, mimi nilizoa udongo kwa karai, kidogo kidogo. Mama Jawahir alitoka na kiti chake akanilazimisha kuketi, akasema mwanamke anayeinama hivyo kwenye jua ana wazimu. Magunia nimeyainua. Vyeti viko ndani ya kopo, nta nimemwaga mpaka nikaunguza kidole. Debe la maji lipo, na nimelifunika kwa sinia na jiwe juu yake kwa sababu ya panya.

Paa sijapanda. Siku hizi ngazi inanipa kizunguzungu. Hata Gikomba naenda siku tatu badala ya sita. Nikikaa sana kwenye cherehani nikirekebisha makoti ya mitumba, mgongo unakataa. Usijali, ni uchovu tu.

Ulisema una Abdinoor na Abdinoor ana mbuzi. Mimi nina redio. Msomaji wa habari akisema habari za jioni, namjibu nzuri. Juzi jirani wa ploti ya nyuma aliniuliza kama umerudi, maana anasikia naongea na mwanamume. Nikamwambia ndiyo, amerudi, anasoma taarifa ya saa moja. Alidhani nimemtukana.

Nyumba ni nzuri, Matheka. Sikukuambia vya kutosha ulipokuwa hapa Septemba, kwa sababu ulikuwa juu ya paa kutoka asubuhi mpaka giza, na ulipoteremka ulikuwa umelala ukitembea. Siku kumi na nne za likizo, na kumi na mbili ulizimalizia juu. Nilikuwa nakuona miguu tu. Ukipata likizo nyingine usijenge kitu.

Lini utakuja?

Lydiah


Lodwar, 9 Machi 1981

Lydiah,

Ahsante kwa kazi nzuri. Kizunguzungu kitaisha ukinywa maziwa na kuacha chai ya rangi.

Likizo sijui. Nikitoka mimi lazima mtu wa kushika nafasi yangu aletwe, na mtu huyo hajaonyeshwa barabara ya kuja huku. Usiniulize kila barua, kwa sababu jibu halibadiliki nami naona haya kuliandika.

Narudi kwenye paa. Najua utasema huyu mtu ana wazimu wa mabati. Abdinoor mwenyewe ananicheka, ananiuliza kama namwandikia mke au fundi. Lakini nakuomba. Ni mabati mawili tu. Misumari sita. Ngazi ya mzee Mbuthia haina hatua nyingi, hata ukifumba macho utafika. Kama huwezi kabisa, tafuta fundi. Asitazame kwa chini. Apande.

Jana upepo uligeuka hapa kwa muda, ukatoka mashariki. Vumbi lilisimama kama mtu. Nilikaa nje nikiwaza vile tulivyohamia hapo bila dirisha hata moja, ukatundika leso yako mahali pa dirisha ukasema sasa tuna pazia. Nilitaka nikuachie nyumba iliyokamilika. Hilo ndilo nililotaka.

Kuna jambo jingine nilikuwa niandike, lakini litangoja nikija.

Matheka


Dandora, 24 Machi 1981

Matheka,

Mvua imeanza, ila ni ya adabu. Inanyesha jioni na kukoma. Mtaro wako unafanya kazi, maji yanapita yakiimba.

Fundi amekuja. Anaitwa Gachanja, nilimtoa Gikomba kwa wale wanaotengeneza makabati. Alifika akasimama uani, akatazama juu na mikono kiunoni. Akaniuliza, “Nani alipigilia hili?”

Nikamwambia, “Mume wangu.”

Akasema, “Basi mume wako ni fundi. Tazama mstari ulivyonyooka. Mimi nikipanda hapo nitaharibu tu.”

Nikamwomba apande hata hivyo, akacheka, akaniambia ngazi ile itamvunja shingo. Alikunywa chai yangu akaenda zake. Sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Na tena, nikwambie ukweli, nilifurahi. Mtu asiyekujua amesifu kazi yako mbele yangu. Nikajiuliza kwa nini wewe mwenyewe unaitukana.

Umesema ninywe maziwa. Nakunywa. Mama Jawahir ananiletea glasi kila asubuhi, ananisimamia mpaka niimalize, kisha anaenda stendi kuuza sambusa zake. Akirudi ananiita kwa kugonga ukuta mara mbili, nami namjibu mara mbili. Ukisikia kuna siku ambazo sauti pekee iliyoniita ilikuwa ya ukuta, usidhani nalalamika. Nakueleza tu jinsi mambo yalivyo.

Wewe una jambo linalongoja ukija. Mimi pia ninalo. Siku moja tutayaweka yote mawili mezani tuone lipi ni zito.

Lydiah


Lodwar, 11 Aprili 1981

Lydiah,

Nasikitika kwamba mke wangu anamwamini mtu aliyesimama chini akanywa chai kuliko mimi niliyekuwa juu. Nilisema apande. Sikusema atazame mstari.

Kama huwezi kupanda hatua saba za ngazi kwa ajili ya nyumba yako mwenyewe, basi sijui nilimjengea nani. Vipimo vya asubuhi hii si vizuri. Barua hii itaondoka na lori la Jumatatu. Ukiipata, usiisome mara tatu. Tafuta misumari.

Matheka


Dandora, 18 Aprili 1981

Kwa Bwana Matheka,

Bismillahi. Mimi ni Sahro Wehliye, jirani yenu, mama yake Jawahir. Siandiki kwa mkono wangu. Anaandika Jawahir, ambaye ametoka Isiolo kuja kuniuguza. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asipunguze neno.

Kwanza, mke wako yuko hai. Meza mate kidogo, kisha uendelee kusoma.

Jumapili iliyopita, saa tisa alasiri, lilikuja wingu kutoka Ruai. Sijaona wingu kama lile tangu nizaliwe. Upepo ulitangulia. Uliokota karatasi zote za jalala ukazipeleka juu, mbingu ikawa na makaratasi kama kunguru. Halafu mvua ya mawe. Nilifunga kwangu, nikagonga ukuta mara mbili. Lydiah akanijibu mara mbili. Nikatulia. Baadaye nikasikia kishindo ambacho si radi. Nikagonga, hakujibu. Nikagonga kwa mchi wa kinu, hakujibu.

Nikatoka. Maji ya mto yalikuwa yamefika magotini. Nyumba yako, sebule ilikuwa imesimama na paa lake. Chumba cha kulala kilikuwa wazi. Bati moja lilikuwa limekwenda. La pili lilikuwa limeshikwa na msumari mmoja, linapigapiga. Mbao zilikuwa zimeanguka juu ya meza, na Lydiah alikuwa chini ya meza hiyo, maji kifuani. Nilimwambia, “Toka!” Akaniambia, “Matheka amesema nisitoke.” Wallahi, hivyo ndivyo alivyosema. Alikuwa ameivuta meza kutoka sebuleni mwenyewe, akaipeleka chumbani, kwa sababu chumbani kuta ni za mawe na sebuleni ni za mbao. Alifikiri anafuata maneno yako sawasawa.

Nikamvuta. Ndipo lile bati la pili likashuka. Lilinipata mkono wa kulia, juu ya kifundo. Sikusikia uchumi, nilisikia baridi tu. Mzee Mbuthia alikuja na mkokoteni wake, tukapandishwa wote wawili kama viazi mpaka barabarani, tukapata gari.

Sasa nakuambia jambo ambalo si langu, lakini mwenyewe hawezi kuandika na mimi siwezi kunyamaza. Mke wako ana mimba ya miezi saba. Amelazwa hospitali ya wazazi. Damu imeonekana, daktari amesema alale chali asiinuke hata kwenda msalani. Mtoto bado anacheza. Hakukuambia kwa sababu ya wale wawili waliotangulia, mliowapoteza. Alisema mara ya pili ulikuwa umeshatengeneza kitanda kidogo, ukakivunja kwa shoka nyuma ya nyumba ukidhani hakuoni. Akaapa kwamba huyu hatakuambia mpaka awe na uhakika. Mimi nilimwambia anakosea. Hakunisikiliza.

Mkono wangu umeshonwa. Vidole vitatu havikunjiki. Jumatatu Jawahir ananichukua kwenda Isiolo. Ufunguo wa chumba changu nimemwachia mzee Mbuthia ampe Lydiah akitoka.

Njoo.

Sahro

(Mimi Jawahir nimeandika kama mama alivyosema. Pale palipoandikwa “uchumi” nimekosea mimi, ni uchungu. Amekataa nianze upya.)


Lodwar, 4 Mei 1981

Lydiah,

Barua ya Mama Jawahir imenifikia jana, kwa ndege ndogo ya wamisheni, kwa sababu mto umeikata barabara huko Kainuk. Niliikimbilia hiyo ndege nikiwa na begi. Ilikuwa na wagonjwa wawili na mwanamke anayejifungua, nafasi haikuwapo. Leo inapita tena kuchukua barua tu. Mtu wa kushika nafasi yangu yuko ng'ambo ya mafuriko, anaonekana kwa macho, hawezi kuvuka. Nami nikiondoka kabla yake nitakuwa nimeacha kazi. Nimefikiri kuiacha. Nimefikiri usiku na mchana. Kisha nikafikiri mtoto atakula nini. Sasa hata sijui kama ninafikiri au naogopa.

Nisikie. Nilisema kuna jambo linalongoja nikija. Siwezi kulingojesha tena.

Siku ya mwisho ya likizo misumari ya mabati iliniishia. Yalibaki mabati mawili, ya chumbani. Duka lilikuwa limefungwa, ilikuwa Jumapili, na lori langu lilikuwa linaondoka alfajiri. Nikachukua misumari mifupi niliyoing'oa kwenye makasha, nikainyoosha kwa nyundo, nikaweka vizibo vya soda badala ya kofia. Nilijua haitashika. Kazi yangu ni upepo, Lydiah. Hakuna mtu Dandora nzima aliyejua kuliko mimi kwamba mabati yale yangeondoka siku ya kwanza upepo ukija kwa hasira.

Nikateremka nikakuambia, “Imekwisha.” Ukapiga makofi. Baada ya makofi yale nilishindwa kusema.

Ndiyo maana nilikusumbua. Nilitaka utengeneze kosa langu bila kujua ni kosa langu. Na nilipokuandikia ingia chini ya meza, ningeongeza maneno manne tu, usiingie chumba cha kulala, na ungeuliza kwa nini. Sikutaka uulize.

Barua yangu ya tarehe kumi na moja, kama haijafika, ichome. Kama imefika, sijui niseme nini.

Leo tumepata milimita nne. Watoto wa hapa wanacheza kwenye matope wakishangilia. Nimeandika nne daftarini, nikaiandika tena juu yake, mpaka Abdinoor amekuja kuniangalia.

Ninywe sumu au ninywe maji, sijui. Usife. Hilo tu.

Matheka


Dandora, 21 Mei 1981

Matheka,

Sikufa.

Ni msichana. Alizaliwa tarehe tisa, siku ya Jumamosi, asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Alikuwa na kilo mbili kasoro kidogo. Ana nywele nyingi na hasira. Nimempa jina la mama yako, Mwikali, kama desturi yenu inavyotaka, ingawa hakuwapo mtu wa kwenu wa kumwuliza. Muuguzi aliandika vibaya mara mbili.

Barua ya tarehe kumi na moja mzee Mbuthia aliniletea hospitalini pamoja na machungwa. Niliisoma nikiwa nimelala chali, kwa hiyo nilikuwa nimeiinua juu ya uso wangu. Hatua saba za ngazi. Sijui nilimjengea nani. Mwanamke wa kitanda cha pili aliniuliza, “Ni ya mume wako? Anasemaje?” Nikamwambia anasema anakuja.

Kisha ikaja ya tarehe nne. Nimekaa nayo siku tatu kabla ya kushika kalamu.

Mimi pia nilikuficha. Ungejua, usingeniambia nipande ngazi. Ningejua, nisingelala chumba kile hata siku moja. Nimejaribu kuweka makosa yetu kwenye mizani, langu huku na lako kule, nikaona ni kazi ya bure. Langu liliniumiza mimi. Lako lilimkata mtu mwingine.

Tunakaa katika chumba cha Mama Jawahir. Nalalia kitanda chake. Shuka zina harufu ya udi na hiliki. Kila asubuhi nainua mkono kugonga ukuta, nakumbuka kwamba sasa niko upande wake, na upande wa pili hakuna mtu.

Usiniandikie tena kunieleza la kufanya. Usiniandikie kabisa. Barabara ikifunguka, njoo. Isipofunguka, nitajua tu kwamba haijafunguka.

Lydiah


Dandora, 14 Juni 1981

Kwa Mama Jawahir, Isiolo

Salamu nyingi kwako na kwa Jawahir, ambaye najua ndiye anayesoma. Jawahir, soma pole pole, na usiruke mahali.

Mtoto ananyonya vizuri. Amefika kilo tatu kwa mizani ya kliniki. Chumba chako ni kisafi, sambusa zako zinaulizwa stendi, na yule mwenye kioski anasema hajala kitu cha maana tangu uondoke.

Matheka alifika Alhamisi. Alivuka Kainuk kwa miguu wakishikana kamba, akapanda lori la ng'ombe mpaka Kitale. Alisimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimewaza siku hiyo kwa miezi tisa, nini nitasema, nini atasema. Alisema, “Amelala?” Nikasema, “Amelala.” Tukasimama hivyo. Mtu ambaye aliweza kuniandikia kurasa nne juu ya mtaro hakuweza kuvuka kizingiti.

Siku ya pili alimbeba mtoto. Alimshika kama mtu anayeshika chombo cha kazi cha serikali, akiogopa kusaini. Halafu akaenda uani akalia. Sikumfuata. Mama, unisamehe, nilitaka kumfuata, nikabaki nikikunja nepi.

Jana aliniuliza, “Mama Jawahir ameambiwa?”

Nikamwuliza, “Aambiwe na nani?”

“Na wewe.”

“Si langu.”

Akakaa na karatasi hapa mezani pako kutoka chakula cha mchana mpaka saa kumi na mbili. Aliandika mara tatu, akachana mara tatu. Sasa ameketi mbele yangu na mtoto mapajani, anajua ninachoandika. Nimeona nikingoja yeye apate maneno, utarudi hapa hujui, na mimi nitakuamkia kila asubuhi na uongo mdomoni. Siwezi. Nimelala kitandani mwako mwezi mzima.

Bati lililokukata lilitoka kwetu, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba lilipigiliwa vibaya, na Matheka alijua. Misumari iliisha akaweka vizibo vya soda, akaniambia amemaliza. Alijua tangu Septemba. Hakuniambia, na mimi kwa sababu zangu sikupanda, wewe ukaingia ndani hujui, ukatoka na vidole visivyokunjika. Sina namna ya kuliandika likawa dogo.

Hana zaidi ya siku ishirini na moja, kisha anarudi Lodwar. Ameomba uhamisho, hajajibiwa. Akienda nitabaki na Mwikali tu. Nakueleza hilo ujue kwamba nimepima ninachoweza kupoteza kwa barua hii, kisha nikaiandika.

Ukitaka chumba chako, nitahama siku hiyo hiyo.

Lydiah


Isiolo, 22 Juni 1981

Kwa Lydiah,

Bismillahi. Jawahir amesoma barua yako akaiweka chini kabla ya kumaliza. Nikamwambia aanze tena kutoka juu. Alipomaliza mara ya pili niliomba nibaki peke yangu.

Nimekasirika. Nisingekuandikia kama ningetaka kukudanganya. Nilikasirika mchana kutwa, sikula. Mkono huu umelea watoto wanne na kumzika mume. Sasa hauwezi kukunja sambusa, Jawahir anakunja, na anazikunja vibaya, zinafunguka kwenye mafuta. Nilikuwa nimeshamwambia Mungu kwamba sina malalamiko, upepo ni wake. Sasa umenirudisha kwake na maneno mapya.

Siku ile nilipoingia kwako sikuuliza paa lilipigiliwa na nani. Hata ningejua ningeingia. Lakini ningependa kujua.

Mwambie mume wako aache kuchana karatasi. Simtaki aniandikie. Nitakuja kwa basi la Jumanne, tarehe thelathini, litafika Eastleigh adhuhuri. Aje peke yake anipokee, anibebee mzigo, na neno hilo aniambie mimi kwa mdomo wake, tukiwa tunatembea. Sijui nitamjibu nini. Labda sitamjibu mpaka tufike Dandora. Ni mwendo mrefu, atauvumilia.

Wewe usihame. Ramadhani inaingia wiki hiyo, na nataka kufunga nikiwa nyumbani kwangu, na nyumbani kwangu ni huko. Msogeze mtoto upande wa ukutani, uniachie mimi ukingoni, kwa sababu huamka kula daku na sitaki kuwaruka.

Sahro